Mjadala: Laki tano ya bastola iende kwenye kifyatulio au kwenye mkanda?

Mleta mada, Mbeya

Wakuu, jana pale Mwanjelwa tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwenzetu mmoja, mnunuzi wa dhahabu anayepanda na kushuka barabara ya Chunya, ana leseni na bastola yake ya siku nyingi, Glock 19. Kapata laki tano ya ziada, anataka "kuipandisha hadhi": kifyatulio chepesi, vilengeo vinavyong'aa gizani na gamba la mpira kwenye mpini. Nikamwambia hela aiweke kwenye mfuko wa bastola na mkanda wa maana, inayobaki anunue kijisanduku cha chuma cha kufungia nyumbani. Kaniita mwoga. Sawa, nauleta hapa.

Bastola ya kubeba kiunoni, kazi yake kubwa ni kutulia. Unaweza kuibeba miaka kumi usiifyatue hata mara moja, na Mungu akujalie iwe hivyo. Sasa hela ya kwanza iende kuifanya ifyatuke kirahisi, kwa faida gani?

Kwa wasioijua, Glock 19 haina kile kiswichi cha usalama cha pembeni. Ina kijiulimi katikati ya kifyatulio. Kikibonyezwa pamoja na kifyatulio chenyewe, imelia. Haiulizi kama ni kidole au kitu kingine. Kutoka kiwandani inataka nguvu ya kama kilo 2.5. Vipuri vya bei poa vinavyouzwa Marekani vinatangazwa kuishusha hadi kama kilo 1.6, na kwa watu wa mashindano ya shabaha vinafaa sana. Wao wanabeba kwenda uwanjani. Sisi tunabeba ndani ya Noah ya watu kumi.

Niwape yangu. Julai mwaka juzi, ile baridi ya Uyole ya kutoa moshi mdomoni, nimevaa koti zito lenye kamba ya kubana kiunoni, mwisho wa kamba kuna kile kibanio cha plastiki, kidogo kama punje ya karanga. Nimeshuka kwenye gari, narudisha bastola mfukoni mwake. Ikaingia, ikaingia, ikagoma karibu na mwisho. Mkono ulishataka kusukuma. Nikaacha, nikaitoa polepole, nikainama kuangalia: kibanio kimo ndani ya kikingio cha kifyatulio, kimekaa kama kidole cha mtoto. Na mfuko wenyewe ulikuwa wa ngozi, kazi ya fundi viatu, mzuri kweli siku ya kwanza. Mvua za misimu miwili zikaulegeza mdomo kama soksi kuukuu, ukawa unajikunja kuelekea ndani. Kwa kilo 2.5 nilipata nafasi ya kusikia kinachogoma. Kwa 1.6 sijui ningekuwa naandika haya nikiwa na paja zima.

Nikanunua mfuko wa plastiki ngumu, ile inayopashwa moto na kufinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe. Unafunika kifyatulio chote, haulegei kwa mvua, na mdomo unabaki wazi bastola ikiwa nje. Mkanda mpana usiopinda. Gamba la mpira? Fundi baiskeli alinikatia kipande cha tyubu ya ndani, nikavalisha mpini. Jasho likiingia kinateleza, lakini nakibadilisha kwa bei ya maandazi.

Mchangiaji, Tunduma

Mleta mada unaongea kama mtu anayefunga duka saa kumi jioni. Huku mpakani tunahesabu kwacha na shilingi hadi usiku. Vilengeo vya kiwandani ni plastiki yenye alama nyeupe, gizani huvioni. Vya chuma vyenye tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, vinajiwakia bila betri. Mwanga unapungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, umeshakula faida yako. Na hilo la kifyatulio: kizito kinamfanya mtu avute bastola pembeni, risasi inampata bodaboda aliyesimama zake. Hiyo siyo hatari?

Mleta mada

Vilengeo nimekubali, tena bila kinyongo. Vinakuonyesha pa kulenga na havibadilishi namna inavyofyatuka. Vifungwe tu na fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, siyo kijana wa pikipiki mwenye nyundo.

Kuvuta pembeni ni ugonjwa wa mkono. Dawa yake haina gharama: magazini, kile kikasha cha risasi, itolewe ipelekwe chumba kingine, chemba, pale risasi inapokaa tayari kulia, iangaliwe kwa macho na kwa kidole, elekeza ukuta ambao nyuma yake hapakai mtu, vuta kifyatulio huku kilengeo cha mbele hakitikisiki. Dakika kumi jioni. Risasi zetu zinahesabiwa kwenye leseni, lakini zoezi hili halili hata moja.

Mchangiaji, Mafinga

Mnabishania kifyatulio, mimi nauliza bastola ya nini. Sisi wa mbao tulikuwa tunatembea na mabunda. Leo mteja anatuma kwa simu au benki kabla gari halijapakia. Chunya soko la madini lipo tangu 2019. Huyo ndugu yenu hela ya usiku anaipeleka wapi? Na watoto nyumbani mmewahesabu?

Mleta mada

Dada, hapo umenibana. Watoto ndiyo sababu ya kile kijisanduku. Hilo la hela ya usiku nitamuuliza yeye mwenyewe, maana nikijibu mimi nitakuwa namsemea.

Ila leseni anayo tayari, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamruhusu kumiliki akifuata masharti. Kwa hiyo ninachotaka tugombanie ni hiki: mtu akienda kuhuisha leseni, aje na mfuko na mkanda anaobebea, avae mbele ya askari na koti lake la Julai, akionekana analegalega arudishwe nyumbani. Tunduma najua utapinga. Anza wewe.