Wakuu msaada: laptopu inafungua folda ya kompyuta ya mezani, ila ya mezani haiioni laptopu (0x80070035)

Nyaya_Tupu (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Nina kompyuta mbili nyumbani. Ya mezani ina Windows 10, jina lake SEBULENI. Laptopu ina Windows 11, jina lake CHUMBANI. Zote ziko kwenye Wi-Fi moja, jina moja, nywila moja, na kila moja ina folda niliyoishea kwa jina Kazi.

Nikiwa kwenye laptopu nikaandika \\192.168.1.20\Kazi inafunguka, nasoma na kuandika bila shida. Nikigeuza, kutoka ya mezani kwenda laptopu, inazunguka weee halafu naambiwa 0x80070035, njia ya mtandao haikupatikana. Kwa majina ndiyo kabisa, hakuna anayemwona mwenzake.

Mafaili ninayoyataka yako kwenye laptopu na muda unanibana. Swali langu ni moja tu: nikiwasha SMB1 (toleo la zamani la itifaki ya kushea mafaili) itakubali? Naona wengi wanasema ndiyo dawa yake.

Kidole_Kimoja
Flashi, mkuu. Nakili, chomoa, chomeka. Haijawahi kumuuliza mtu nywila.

Pakiti_Iliyopotea
SMB1 itoe kichwani. Windows 10 na 11 zikikutana huongea kwa SMB 3.1.1. Hakikisha mwenyewe: laptopu ikiwa imefungua folda ya SEBULENI, ingia PowerShell kama msimamizi, andika Get-SmbConnection, utazame safu ya Dialect. SMB1 ni ya Windows XP na mashine za kuskani za zama zile. Na hilo kosa lako halisemi "sijakuelewa", linasema "sijakufikia". Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Tuletee haya, bila kufupisha:
- ipconfig ya kila kompyuta, anwani ya IP na gateway (anwani ya ruta inayotokea)
- Get-NetConnectionProfile ya kila upande, tujue kama ni Public au Private
- ping kwa pande zote mbili
- ukiwa SEBULENI: Test-NetConnection anwani-ya-laptopu -Port 445, tujue kama mlango wa SMB unafikika

Bibi_Seva
Kuhusu majina kutoonekana: bonyeza Win+R, andika services.msc, tafuta Function Discovery Provider Host na Function Discovery Resource Publication. Ya pili ndiyo inayoitangaza kompyuta kwa wenzake, na mara nyingi utaikuta imelala. Iwekee Automatic (Delayed Start) kwenye kompyuta zote mbili. Ila usichanganye mambo, kompyuta kuonekana kwenye dirisha la Network na kompyuta kufikika si kitu kimoja. Isiyoonekana inaweza kufunguka vizuri tu ukiandika anwani yake.

Mzee_wa_Terminal
Chukua kompyuta kuukuu, weka Linux, sakinisha Samba (programu ya kushea mafaili na Windows), kwenye smb.conf andika server min protocol = SMB2, tengeneza mtumiaji kwa smbpasswd -a, basi. Folda zote zikae huko, Windows ziwe wageni tu. Haya ya mashine mbili kusheana kila moja na tabia zake ndiyo yanazaa nyuzi kama hizi.

Bibi_Seva
@Mzee_wa_Terminal mtu anatafuta faili lake la leo, wewe unamjengea seva.

Nyaya_Tupu
Majibu haya hapa wakuu.

Laptopu: 192.168.0.104, gateway 192.168.0.1, Private.
Ya mezani: 192.168.1.20, gateway 192.168.1.1, Private.
Ping laptopu kwenda mezani: inajibu, bytes=32 time=4ms TTL=127.
Ping mezani kwenda laptopu: muda umekwisha, zote nne.
Test-NetConnection 192.168.0.104 -Port 445: TcpTestSucceeded False.

Nilipokuwa nawasubiri nimezima fayawoli pande zote mbili na SMB1 nimeiwasha kwenye laptopu. Bado.

Shahidi_Mtata
Hii ni chai, na imeungwa vibaya. Mleta mada anasema Wi-Fi moja. Ruta ya nyumbani haigawi 192.168.1 na 192.168.0 kwenye Wi-Fi ileile. Tuseme moja iko Wi-Fi ya wageni, basi mgeni hazuiwi upande mmoja tu, asingefungua folda yoyote. Wewe unatuambia folda inafunguka na kuandika unaandika! Umeokota matokeo ya watu wawili ukayaunganisha. Moderata funga uzi.

Kidole_Kimoja
Chai ya moto, nipisheni nikae mbele.

Pakiti_Iliyopotea
@Shahidi_Mtata tulia kwanza. Anayetunga angeandika TTL=128, maana ndiyo inayojaa kwenye mafunzo yote. Windows huanza kutuma kwa 128, na kila ruta inayopitiwa hupunguza moja. Kompyuta mbili za mtandao mmoja zingeonyeshana 128. Yeye kaleta 127, maana yake katikati ya hizo kompyuta kuna ruta moja ambayo hajaitaja.

@Nyaya_Tupu kwenye laptopu andika tracert -d 192.168.1.20. Ukiona mistari miwili, wa kwanza 192.168.0.1 na wa pili 192.168.1.20, tutajie hicho kifaa cha kwanza ni nini.

Nyaya_Tupu
Mistari ni miwili kama ulivyosema.

Kuna ruta ya pili huku chumbani, ya kuongezea nguvu ya Wi-Fi. Waya unatoka ruta kubwa unaingia kwenye tundu lake la WAN, lile la kupokelea intaneti. Niliipa jina lilelile na nywila ileile ili simu zihame zenyewe, kwa hiyo kwangu mimi ni Wi-Fi moja. Sikuona kama inahusika, intaneti inapatikana kote.

Shahidi_Mtata
Aaa. Sasa kwa nini mtu anaanza na SMB1 wakati ana ruta mbili?

Pakiti_Iliyopotea
Kila kitu sasa kinaeleweka. Ruta ya chumbani inafanya NAT. Ni kama mlinzi wa geti: anayetoka anaandikwa daftarini na jibu lake likija linapitishwa, ila mgeni anayebisha kutoka nje hajulikani anamtaka nani. Laptopu iko ndani ya geti. Ikitoka kwenda 192.168.1.20 inavaa anwani ya WAN ya ile ruta, na SEBULENI inadhani inaongea na jirani wa mtandao wake. Hata fayawoli ya SEBULENI ilipokuwa imewaka haikulalamika, kwa sababu kanuni za kushea mafaili kwenye mtandao wa Private huruhusu anwani za mtandao wa karibu, na hiyo ya kuvalishwa ni ya karibu.

Kurudi ndiko kwenye tatizo. SEBULENI haina njia ya kwenda 192.168.0.x. Inaikabidhi pakiti kwa 192.168.1.1, nayo inaisukuma upande wa intaneti, na huko anwani za ndani hazina mwenyewe. Pakiti inafia njiani. Ndiyo 0x80070035 yako.

Majina nayo ni hivyohivyo. Kutafutana kwa majina na matangazo ya Network husafiri ndani ya mtandao mmoja tu, hayavuki ruta. Unaweza kuwasha huduma zote alizotaja Bibi_Seva na usione kitu.

Dawa ni ruta ya chumbani iache kazi ya uruta, ibaki kutoa Wi-Fi tu.

Nyaya_Tupu
Nashukuru mkuu, lakini sipendi kuigusa ile ruta, nikikosea nyumba nzima inakosa mtandao. Tena nilishaanza njia nyingine, naomba mnisaidie niimalizie tu. Poti 445 nimeifungua kuelekea laptopu.

Bibi_Seva
Umeifungua kwenye ruta ipi?

Nyaya_Tupu
Zote mbili, ili isikwame popote.

Bibi_Seva
Ifunge kwenye ruta kubwa kabla hujasoma sentensi inayofuata. Ruta kubwa ndiyo inayotazama intaneti. Umeelekeza 445 kutoka duniani hadi kwenye laptopu ambayo fayawoli imezimwa na SMB1 imewashwa. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa kwa mlango huohuo na itifaki hiyohiyo, ilhali Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwaka huohuo, SMB1 haiji tena imesakinishwa kwenye Windows mpya. Walikuwa na sababu.

Nyaya_Tupu
Kwa heshima dada, anwani yangu ya intaneti inabadilika kila ruta ikizimwa. Na mimi si mtu wa kuwindwa, nani atanitafuta?

Bibi_Seva
Hakuna anayekutafuta wewe kwa jina. Programu za kupekua hupita anwani zote kwa zamu zikigonga 445, usiku na mchana. Kubadilika kwa anwani kunakuhamisha tu kutoka foleni moja kwenda nyingine.

Pakiti_Iliyopotea
Na hata ile uliyofungua kwenye ruta ya chumbani hukuitumia inavyotakiwa. Ukishaelekeza poti, mlango wa kuingilia unakuwa anwani ya WAN ya hiyo ruta, tuseme 192.168.1.15, si 192.168.0.104 unayoendelea kuiandika. Na ukiirudisha fayawoli ya laptopu itakataa, kwa sababu safari hii mgeni anakuja na anwani ya 192.168.1.x ambayo kwa laptopu si ya karibu. Kwa hiyo njia yako inakudai uishi bila fayawoli. Achana nayo.

Ruta hata haitishi. Fanya kwa mpangilio huu, mpangilio ndio wenye maana:

1. Ingia kwenye mipangilio ya ruta kubwa, futa elekezo la 445. Palepale tazama DHCP, yaani kigawa-anwani cha ruta, inagawa kuanzia namba ngapi. Ikianzia 192.168.1.2, isogeze ianzie 192.168.1.10 ili 2 ibaki huru.

2. Nenda ruta ya chumbani. CHOMOA waya wa WAN kwanza. Usipochomoa, ruta nyingi zitagoma hatua ya 4 zikidai anwani ya ndani inagongana na ya nje.

3. Unganisha laptopu kwa waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), fungua 192.168.0.1. Kama kuna chaguo la Access Point (kutoa Wi-Fi tu), lichague, hifadhi, rudisha waya palepale ulipokuwa, ruka hadi 6.

4. Kama halipo: badilisha anwani ya LAN iwe 192.168.1.2. Itajiwasha upya. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, ndipo uzime DHCP. Ukitanguliza kuzima DHCP, ruta ikiwaka upya laptopu itajipa anwani ya 169.254 na hutaifikia ruta bila kuiandikia laptopu anwani kwa mkono.

5. Waya uliokuwa WAN uchomeke LAN. Tundu la WAN libaki tupu.

6. Kwenye laptopu: ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ukipata 192.168.1.x umemaliza upande wa ruta.

Ukiharibu, chomoa kwanza waya unaotoka ruta kubwa; kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kipo nyuma ya hiyo ruta ya chumbani, na ruta kubwa haitajua kama kuna lililotokea. Nyumba haikosi mtandao.

Mzee_wa_Terminal
Na jina la Wi-Fi likibaki lilelile, tenganisha chaneli za 2.4 GHz: moja ikae 1, nyingine 6 au 11. Zikikaa chaneli moja zitapokezana hewa na kunakili kutapungua kasi.

Bibi_Seva
Kisha usafi. Fayawoli irudi pande zote mbili. SMB1 itoke, PowerShell kama msimamizi: Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol, halafu uwashe upya. Na tazama tena kama Wi-Fi ya laptopu bado ni Private. Gateway ikibadilika Windows inaweza kuuona mtandao kama mpya na kuuweka Public, ukarudi hapa kulia.

Nyaya_Tupu
Ruta imekubali. Haikuwa na chaguo la Access Point, nimepita 4 na 5. Laptopu ni 192.168.1.31. Mtandao ulikuwa umegeuka Public kweli, nimeurudisha. TcpTestSucceeded True, na SEBULENI sasa inaiona CHUMBANI kwa jina.

Ila inadai jina na nywila. Naweka PIN ninayofungulia laptopu, inakataa. Nifute nywila kabisa iwe wazi?

Shahidi_Mtata
Huyu mtu haishiwi.

Bibi_Seva
Usifute. PIN haitoki nje ya laptopu, ni ya kufungulia mashine hiyo tu. Na akaunti isiyo na nywila Windows haiiruhusu kuingia kupitia mtandao. Tengeneza akaunti ya kazi hii pekee. Kwenye laptopu, kidirisha cha amri kama msimamizi:

net user kushea * /add

Itakuuliza nywila. Kisha bofya folda Kazi kulia, Properties. Kwenye Sharing, bofya Advanced Sharing, ndani ya Permissions mpe kushea Change. Kwenye Security mpe Modify. Ruhusa zote mbili zinahesabiwa na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda, kwa hiyo ukitoa moja tu utafungua folda na kunyimwa kuandika.

Kwenye SEBULENI, kidirisha cha kawaida, si cha msimamizi, vinginevyo herufi Z haitaonekana kwenye madirisha yako ya mafaili:

net use * /delete
net use Z: \\CHUMBANI\Kazi * /user:CHUMBANI\kushea /persistent:yes

Mstari wa kwanza unafuta miunganisho iliyobaki. Ikibaki utapata kosa 1219, kwa sababu Windows haikubali majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja.

Nyaya_Tupu
Z imetokea. Nanakili sasa hivi. Asanteni sana wakuu.

Pakiti_Iliyopotea
Kabla hujaondoka: akaunti iliyotengenezwa kwa net user nywila yake huisha muda baada ya siku 42, na siku hiyo Z itakataa bila maelezo ya maana. PowerShell kwenye laptopu: Set-LocalUser -Name kushea -PasswordNeverExpires $true.

Kidole_Kimoja
Na laptopu usiifunike wakati inanakili, ikilala hakuna folda. Flashi hailali.