Flaiwili yenye madoa ya bluu: niisage au ninunue nyingine?

Mwenye pikapu, Moshi:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 5L, na kazi yake kubwa ni kuteremsha ndizi kutoka Mwika hadi Moshi mjini. Tangu mwezi uliopita klachi ilikuwa ikiteleza kwenye vilima, na gari lilikuwa likitetemeka kila nilipoondoka na mzigo. Jana fundi ameshusha giaboksi, tukakuta klachi pleti imekwisha hadi riveti zimeanza kukwaruza chuma, na uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi pleti hulikandamiza, una madoa kama sita ya bluu iliyokolea. Fundi anasema iende kwa mchonga vyuma ipigwe lezi, yaani izungushwe kwenye mashine huku kisu kikiukata uso wake, ilhali kaka yangu anasisitiza ninunue nyingine, jambo litakalonigharimu karibu mara nne ya kazi hiyo. Gari hili ndilo linalolisha nyumba yangu, kwa hiyo sitaki kushusha giaboksi mara mbili. Niamue kwa kipimo gani?

Fundi, Arusha:
Pole sana, kaka. Mikwaruzo ya riveti isikutie hofu, kwa sababu ikiwa haina kina huondoka kwa kusagwa kidogo tu. Kinachohitaji uangalifu ni hayo madoa, kwani chuma cha kusubu kikipata moto mkali halafu kikapoa ghafla, mahali hapo hubadilika ndani na kuwa pagumu kuliko sehemu zilizopazunguka. Chukua tupa ndogo uipitishe taratibu juu ya uso: penye chuma cha kawaida itang'ata, na penye doa gumu itateleza kama juu ya kioo.

Kisha tafuta nyufa. Safisha uso mpaka ukauke, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa vizuri, halafu nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Vijistari vifupi vya juujuu huweza kuisha kwa kusagwa, lakini ufa wenye kina, au uliofika kwenye tundu la bolti au ukingoni, haurekebishwi, na flaiwili hiyo isirudi kwenye gari hata kama bei ya nyingine inauma. Chuma hicho huzunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu ya dereva.

Dereva wa watalii, Arusha:
Naomba niongeze jambo lililonipata mimi mwenyewe kwenye Land Cruiser. Flaiwili yangu ilikuwa na madoa kama hayo, nikakubali ipigwe lezi, ikarudi inang'aa nikaridhika. Kisu cha lezi kilikuwa kimekata chuma laini na kuyaruka madoa magumu, yakabaki yamenyanyuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Haukupita muda, nikiwa napanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu na wageni ndani, mtetemo ukarudi uleule. Kwa hiyo ukiamua kuisaga, tafuta mwenye mashine ya jiwe la kusagia, ambalo hupita juu ya kigumu na laini kwa usawa. Madoa yakibaki hata baada ya kusaga hadi unene wa chini ulioruhusiwa na mtengenezaji, nunua nyingine.

Fundi, Arusha:
Ndugu yetu amesema kweli. Mwambie pia msagaji aangalie kama flaiwili ni bapa au ina ngazi pale inapofungwa presha pleti, ile sahani inayoikandamiza klachi pleti, kwa maana yenye ngazi husagwa pande zote mbili kwa kiasi kilekile, la sivyo mkandamizo wa klachi hubadilika. Ninayoyasema ni ya flaiwili ya kipande kimoja kama yako. Zile za vipande viwili zenye springi ndani, kama za Nissan Navara D40, kwa kawaida hubadilishwa zikichoka.

Mwenye pikapu, Moshi:
Nashukuru sana. Leo asubuhi tumefanya jaribio la chaki, nami nimeshuhudia kwa macho yangu: mstari mwembamba ulianza kwenye doa moja ukatambaa hadi kwenye tundu la bolti ya presha pleti. Nimeamua kununua. Nimeonyeshwa moja ya mtumba iliyotoka kwenye injini kama yangu, niikague vipi?

Fundi, Arusha:
Umeamua vyema. Rudia majaribio yaleyale ya tupa na chaki kabla ya kulipa, pima unene kwa sababu huenda ilishasagwa, na tazama meno ya stata kwenye pete ya ukingoni. Meno yakiwa yamelika lakini uso ni mzima, pete yake huweza kubadilishwa peke yake kwa kupashwa moto. Ikishafungwa, weka geji ya saa, kile kipimo chenye mshale kinachoonyesha uso unavyoyumba, kisha uizungushe flaiwili. Kwa Toyota nyingi myumbo usizidi milimita 0.1. Kabla ya hapo angalia oili sili ya nyuma ya krenki, kwani ikivuja italowesha pleti mpya. Uso nao ufutwe mafuta yote ya kuzuia kutu, na usiushike kwa mikono yenye grisi.

Tena, kaka, unapopanda Mwika usilishikilie gari mlimani kwa hafu-klachi, yaani kanyagio la klachi likiwa nusu, ukisubiri njia. Vuta breki ya mkono. Madoa yale ya bluu huanzia hapo.