Msaada wa mawazo: figo za mama zimegoma, ndugu tumegawanyika, tumuanzishie mashine au tumrudishe nyumbani?

Mtoto wa Pili:
Wakuu habari zenu. Sijawahi kuanzisha uzi, huwa nasoma tu napita, ila leo nimekwama kabisa. Mama ana miaka 79, sukari anayo miaka mingi, moyo nao umechoka, na sasa figo zimegoma. Daktari katuambia njia ni mbili, ya kwanza asafishwe damu kwa mashine mara tatu kwa wiki na kila mara ni kama masaa manne, ya pili tuache mashine apewe dawa za kutuliza tu, za maji mwilini, kuwashwa, kichefuchefu na pumzi ikimbana. Watoto tuko wanne. Kaka mkubwa yuko mbali anataka mashine liwake jua inyeshe mvua, wa tatu anasema tumuachie Mungu, wa mwisho hapokei simu. Mimi ndo nalala naye, namgeuza, namuogesha. Swali langu ni moja tu, tukikataa mashine tutakuwa tumemuua? Naomba ushauri matusi hapana, jibu linatakiwa Ijumaa.

Kibao Kata:
Nakaa siti ya mbele.

Mzee wa Busara Kiasi:
Kibao Kata mambo mengine sio ya kukalia siti bwana. Mkuu pole sana. Uhai sio wetu sisi, anayeutoa ndiye anayeuchukua, mengine ni kujipa ukubwa. Mimi mama mkwe wangu aliambiwa hamalizi miezi mitatu, watu wakaanza kuulizana shamba litakuwa la nani, leo mwaka wa sita na juzi kanigombeza nimeegesha gari vibaya. Wekeni mashine. Daktari anajua mwili, siku hazijui.

Nesi wa Zamu:
Pole sana. Nimekaa wodi ya figo miaka kadhaa, naomba niseme kwa urahisi. Kutokuanza mashine sio kuua, kinachomaliza ni ugonjwa. Kwa mtu wa umri huo mwenye moyo mbovu na sukari, mashine inaweza isimuongezee muda mwingi kama watu wanavyofikiri, na muda wenyewe mwingi unaishia njiani na kwenye kiti cha kusafishiwa. Wapo wanaoamua kutoanza na wanaishi wiki, wengine miezi, wengine hata mwaka na zaidi, ilimradi dalili zinatibiwa kweli kweli na sio kutelekezwa. Hiyo ndo tiba shufaa. Na kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja, unaanza kwa majaribio wiki kadhaa halafu mnakaa na daktari mnaangalia kama inamsaidia au inamtesa, ikimtesa mnaacha. Sasa swali, mama mwenyewe anasemaje? Ana fahamu?

Mtoto wa Pili:
Asanteni wote. Nesi umenisaidia sana pale kwenye kuua. Mzee wa Busara, mimi ni dada sio mkuu, na hapa hakuna anayeulizia shamba. Shida ni haki kwa kweli. Katika sisi watano hakuna aliyemgeuza mama usiku zaidi yangu, lakini anayeamua ni wa kwenye simu. Anasema "tusimnyime mama nafasi" halafu anakata. Hivi kama mashine ni mara tatu kwa wiki nani atampeleka? Nani ataacha kazi? Haki iko wapi?

Karani Mstaafu:
Dada umegusa kitu. Hili la figo na haki lina historia yake. Miaka ya mwanzo ya 1960 kule Seattle, Marekani, Dk. Belding Scribner na wenzake walipata njia ya kumuunganisha mgonjwa na mashine tena na tena bila kuharibu mishipa kila mara, kabla ya hapo ilikuwa ya dharura tu. Mashine chache, wagonjwa wengi. Wakaunda kamati ya watu saba, wengi wao raia wa kawaida tu, wakaambiwa wachague nani apate. Basi wakawa wanaangalia una kazi gani, una watoto wangapi, unasali au husali. Fikiria, unakufa kwa sababu wewe ni bachela usiyeenda kanisani! Watu wakaja juu, na mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria serikali ibebe gharama za karibu kila mgonjwa wa figo. Sasa nyie mmerudi 1962, kamati ya ndugu kwenye simu.

Kibao Kata:
Afadhali ile ya Seattle ilikuwa na watu saba, hii mjumbe mmoja hapokei simu.

Upepo wa Kusi:
Mimi nasema mnazunguka. Nchi zilizoendelea zilishamaliza hili, Uholanzi sheria ilianza 2002, Ubelgiji mwaka huohuo, Kanada 2016, mtu akichoka anasaidiwa kwa heshima. Sisi tunaogopa maneno tu.

Karani Mstaafu:
Upepo unachanganya vitu. Hizo sheria ni za mtu mwenyewe kuomba, tena kwa masharti, daktari ndo anamsaidia kufa. Dada anauliza kutoweka mashine. Hata Papa Pius XII mwaka 1957 akiongea na madaktari wa usingizi alisema mtu analazimika kutumia njia za kawaida kulinda uhai, sio zile zinazomzidi uzito mgonjwa au watu wake. Na huyo hakuwa mtu wa kuchezea uhai.

Upepo wa Kusi:
Sasa tofauti iko wapi? Mwisho si anakufa yuleyule?

Mzee wa Busara Kiasi:
Mwisho wote tunakufa Upepo, hata wewe, sasa tukusukume?

Nesi wa Zamu:
Jamani. Dada, swali langu umeliruka. Mama ana fahamu? Anaongea?

Mtoto wa Pili:
Sijaruka nilikuwa namhudumia. Ndiyo anaongea, asubuhi zaidi, mchana analala sana.

Nesi wa Zamu:
Na anajua?

Mtoto wa Pili:
Anajua anaumwa.

Nesi wa Zamu:
Dada.

Mtoto wa Pili:
Hajui kuhusu figo. Nilimwomba daktari asimwambie, nikamwambia mambo yote yapitie kwangu. Kabla hamjanirukia naombeni mnielewe, mama ana presha, ukimwambia kitu kidogo halali. Nimeshaongea na hospitali, Ijumaa tunatoka, kitanda cha kunyanyua mgongo nimeshapata, chumba nimeshahamisha, tutamwambia amepata nafuu. Akae kwa amani siku zake. Kuna ubaya gani? Nilichotaka humu ni mtu wa kuniambia sio kuua, na nimeshaambiwa.

Kibao Kata:
Kumbe ushauri uliutaka baada ya kuhamisha chumba.

Binti Kimya:
Hapana hapana hapana. Mama anaongea, ana akili zake, mnamjadili kama gunia? Siku nne mnabishana mashine au nyumbani na mwenye figo yupo pale kitandani anasikia mnanong'ona koridoni? Akivimba miguu na pumzi ikikata huko nyumbani utamwambia ndo nafuu yenyewe?

Mtu wa Mwambao:
Binti punguza. Mimi namuelewa dada. Baba yangu aliambiwa na kijana mmoja wa koti jeupe amesimama mlangoni, hata hajakaa, "mzee hii saratani imesambaa". Akageukia ukutani. Hakuongea tena na mtu mpaka anaondoka, siku tisa. Kila mtu anasema ukweli ukweli, ukweli una mikono ya kuubeba bwana.

Nesi wa Zamu:
Pole Mwambao. Ila hapo kosa ni la kusimama mlangoni. Dada hauko peke yako, zamani hata madaktari walificha. Mwaka 1961 kwenye hospitali moja ya Chicago waliwauliza madaktari, karibu asilimia 90 wakasema hawapendelei kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Swali hilohilo lilipoulizwa tena 1979 asilimia 97 wakasema wanapendelea kumwambia. Na haianzi na kummwagia kila kitu. Unaanza kumuuliza, mama unapenda daktari akueleze wewe au aongee na mimi? Akisema ongea naye mwanangu, hapo umepewa. Sasa hivi hujapewa, umechukua.

Fundi Saa:
Samahani, naomba tusimame kidogo. Nimerudi kusoma kuanzia juu. Posti ya kwanza watoto wako wanne. Posti ya pili "katika sisi watano". Mara ndugu wanabishana mara kila kitu ameshapanga yeye. Siri inatoka kidogo kidogo kama tamthilia. Na hivi vyote vimekaa sawa sawa, haki, ukweli, kuua, mashine. Hii chai. Kuna mwanafunzi ana asaimenti ya maadili, sisi ndo tunamfanyia.

Upepo wa Kusi:
Hata mimi nilihisi! Nani anapata nafasi ya kuandika aya zote hizo akiwa hospitali?

Kibao Kata:
Kama ni chai basi ina sukari, mgonjwa asipewe.

Mzee wa Busara Kiasi:
Dada kama umetutapeli machozi Mungu anakuona, mke wangu nimemsomea huu uzi ametoka nje kulia.

Binti Kimya:
Mimi asaimenti au sio asaimenti jibu langu ni lilelile.

Mtoto wa Pili:
Nimesoma nikafunga simu. Nimefungua tena sasa hivi saa tisa usiku, ndo nafasi ninayopata Upepo.

Tulikuwa watano. Aliyenifuata mimi mgongoni alipata ajali, akakaa kwenye mashine ya kupumulia wiki tatu, ubongo umeshakufa wakasema. Hakuwa na mke. Karatasi wakampa mama. Sisi wote tulikuwepo koridoni na hakuna aliyesema mama lete nishike mimi hiyo kalamu. Akatia sahihi. Mwaka mzima baada ya hapo akawa anaamka usiku anasema nimemkatia mwanangu pumzi. Tulimpeleka kwa watu wakaongea naye, kidogo akatulia, lakini neno mashine halitamkwi ndani ya ile nyumba. Sasa niambieni nimfuate nimwambie mama kuna mashine, chagua? Ndo maana nimeficha. Sio kwamba namuona gunia. Huwa nahesabu wanne nikiulizwa haraka, nikiandika bila kufikiri natoa watano.

Fundi Saa:
Pole.

Nesi wa Zamu:
Pole sana mdogo wangu. Kama walisema ubongo umekufa, alikuwa ameshafariki kabla ya ile sahihi, tangu 1968 kamati ya chuo cha Harvard, Marekani, ilipoandika vigezo vya ubongo kufa ndivyo dunia ya tiba ilivyozidi kulichukulia. Mama hakumkatia mtu pumzi. Inaelekea hakuna aliyekaa naye akamweleza hivyo taratibu.

Binti Kimya:
Nimetoa neno gunia, nisamehe. Ila nakuuliza kwa upole, ile kalamu si ndo umeishika wewe sasa? Ukimficha, mwaka kesho nani ataamka usiku?

Mtu wa Mwambao:
Na kule aliulizwa kuhusu mtoto. Hapa ni mwili wake. Sio mzigo uleule.

Mtoto wa Pili:
Sijui. Nitaangalia.

Kibao Kata:
Dada apdeti? Leo sina utani.

Mtoto wa Pili:
Leo asubuhi nimemuuliza vile alivyosema Nesi. Akaniangalia muda mrefu. Akasema daktari aje, ila asije na wale wanafunzi wake kumi. Kaka amekasirika, kasema nimsubiri, nikamwambia laini itakuwa wazi asikilize kama anataka. Habari ya Ijumaa nimeisogeza, kitanda kitakaa tu. Daktari anakuja saa nne, nimemwomba avute kiti akae upande wa kushoto, sikio la kulia mama halisikii vizuri.