Telistoki nzito: mnaitoaje njiani mkichimba bakuli?

Bi_Bobari

Habari za kazi, mafundi wenzangu. Kerezo langu, yaani mashine ya kuzungusha mti ili uchongwe, ni la chuma cha kusubu, zito kwelikweli, na nililipendea hilohilo: hata gogo lisilo na mizani likizunguka, mashine haitikisiki. Shida ni kwamba telistoki, ile sehemu ya nyuma inayoteleza na kushika mwisho wa mti, nayo ni chuma kitupu. Niliipandisha kwenye mizani ikasoma kilo 27.

Nikikereza miguu ya viti sina neno nayo, inashika mti kwa nyuma na kazi inakwenda. Bakuli ndiyo taabu. Nikianza kuchimba ndani, mpini wa bobari (patasi ya kuchimbia) unaigonga, na ncha ya senta, kile chuma kilichochongoka kinachotokeza kwenye telistoki, inanikwaruza kiwiko. Hata nikiisukuma hadi mwisho wa bedi (reli inazotelezea) bado inanibana, maana bedi ni fupi, sentimita 90 tu kutoka kwenye hedistoki, yaani kichwa kinachozungusha mti. Kwa hiyo huwa naikumbatia na kuishusha sakafuni, kisha naipandisha tena kazi ikiisha. Nafanya kazi peke yangu, na mgongo umeanza kukataa. Kutoka mwisho wa bedi hadi ukutani kuna kama sentimita 70. Ninyi mnafanyaje?

Maranda

Dada, kwanza chomoa senta. Zungusha gurudumu la mkono kurudisha nyuma, kwenye mashine nyingi senta inasukumwa nje yenyewe. Ncha ikishatoka, kiwiko kimepona. Halafu jaribu bobari yenye mpini mfupi kwa bakuli ndogo. Mimi telistoki huwa siitoi kabisa ila nikichimba chombo kirefu chenye mdomo mwembamba.

Mzee_Taya

Pole kwa mgongo, dada. Shauri la Maranda la kuchomoa senta ni jema na lifanywe kila mara, hata kama telistoki inatoka. La mpini mfupi silikubali. Mpini mrefu ndio unaokupa nguvu ya kuzuia patasi isinyakuliwe na mti inapofika mbali na kiegemeo. Ukiufupisha kwa sababu ya telistoki, umeondoa usalama mahali unapohitajika zaidi.

Neno langu ni moja: hiyo telistoki isinyanyuliwe. Ikiwa juu ya bedi unaisukuma kwa mkono mmoja, kilo 27 na yote. Uzito unakuumiza pale tu inapobadilisha kimo. Basi itafutie mahali pa kwenda pa kimo kilekile cha bedi.

Tengeneza kitoroli. Chukua miti miwili minyoofu ya mbao ngumu, ilaze sambamba, na uache kati yake uwazi sawa na ule wa bedi yako, ili bamba la kubania lililo chini ya telistoki lipite bila kukwama. Nyuso za juu zilingane na bedi. Kimo hicho usikipime kitoroli kikiwa kitupu; kipime kikiwa kimebeba mzigo, kwa sababu magurudumu hubonyea kidogo. Mimi changu nilikiwekea miguu ya skrubu: kikifika mahali pake nashusha miguu, magurudumu yananing'inia, na kimo hakibadiliki tena. Kingo za miti zinazokutana na bedi zipige tupa mpaka ziwe na mteremko mdogo. Ukisahau hapo, telistoki itatoka vizuri lakini wakati wa kurudi itajikwaa kwenye ukingo, nawe utajikuta unaisukuma kwa kifua.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Kitoroli lazima kifungwe kwenye mashine kabla hujasukuma chochote. Weka ndoano mbili au pini mbili zinazoingia kwenye mwisho wa bedi. Nusu ya telistoki ikiwa huku na nusu kule, msukumo wako unakisogeza kitoroli, uwazi unafunguka, na chuma kinaanguka katikati, mguuni pako. Mwisho wa pili wa kitoroli piga kipande cha mti cha kuizuia isipitilize. Na ile boliti ya kuzuia iliyo mwisho wa bedi, ukiitoa ili telistoki ipite, irudishe palepale. Usiiweke mfukoni ukasema nitairudisha baadaye.

Nati ya bamba ilegeze kiasi cha kuteleza tu. Ukiilegeza mno bamba linageuka na kukwama kati ya reli. Safisha bedi kwa sufi laini ya chuma, maana utomvu wa mti mbichi hukauka pale na kuwa gundi, kisha paka nta ya kawaida na uisugue mpaka ikauke. Dawa za kunyunyiza zenye silikoni zisikaribie karakana. Zikigusa mti, vanishi inakataa kushika na inaacha vitobo.

Roda_Juu

Mimi nimefunga kapi kwenye boriti. Kamba inapita juu, upande mmoja telistoki, upande mwingine mfuko wa mchanga wenye uzito unaokaribiana nayo. Naiinua kwa vidole naiweka kando. Haili nafasi sakafuni.

Mzee_Taya

Roda_Juu, kazi nzuri, ila kwa anayefanya kazi peke yake nina hofu nayo. Mzigo unaoning'inia unabembea, na ukiifungua telistoki upande mmoja bila kuufunga mfuko kwanza, mfuko unashuka wote. Anayetaka njia hiyo ahakikishe boriti inabeba uzito wa pande zote mbili kwa pamoja, si wa telistoki peke yake.

Bi_Bobari

Mzee wangu, nimekuelewa vizuri sana, hasa la kufunga kitoroli. Nina maswali mawili. Sentimita 70 zinatosha? Na mtu mmoja amenishauri nitumie bawaba nzito mwisho wa bedi, telistoki iteleze juu ya kipande chenye bawaba kisha kipinduliwe kando. Unaionaje?

Mzee_Taya

Zinatosha. Kitako cha telistoki kama yako hakiwezi kuzidi sana sentimita 30, kwa hiyo kitoroli cha sentimita 45 kinaingia, na ukishapakia unakivuta kando. Kinachokufaa ni magurudumu yanayogeuka pande zote.

Bawaba ni njia nzuri sana, hata viwandani hutengenezwa vifaa vya namna hiyo. Uzuri wake ni kwamba telistoki haiondoki kwenye mashine. Ila iundwe na mtu anayejua kuchomelea, pini iwe nene, na kuwe na kufuli mbili: moja ikiwa imelala sawa na bedi, nyingine ikiwa imepinduliwa. Kilo 27 zikishuka zenyewe huwezi kuzizuia kwa mkono. Angalia pia miguu ya mashine. Kama imekaa karibukaribu, uzito ukienda pembeni mashine inaweza kuinamia huko, basi ikazwe sakafuni.

Na kabla ya yote, gogo likiwa bado halijawa duara, telistoki ibaki imelishika. Itoe baada ya kukereza nje, mzunguko umetulia, na taya za chaki (kibanio kinachoshika mti kwenye hedistoki) zimeng'ata sawasawa.

Maranda

Ikirudi haipotezi unyoofu? Yangu ina uchezaji kidogo kushoto na kulia.

Mzee_Taya

Uchezaji kidogo upo karibu kwenye mashine zote, kwa sababu ulimi wa chini lazima uteleze kwenye uwazi. Kila unapoikaza, isukume kwanza upande uleule mmoja, mimi huivuta kwangu. Kupima, weka ncha kwenye hedistoki na senta kwenye telistoki, zikaribishe, kisha bana rula nyembamba ya chuma katikati ya ncha mbili. Rula ikisimama wima na kukaa mraba na bedi, uko sawa. Ikiinama au kugeuka, ncha hazitazamani. Kwanza futa chini ya telistoki. Uchafu mdogo wa maranda unatosha kuinyanyua.

Bi_Bobari

Naanza na kitoroli, mbao ngumu ninazo. Bawaba nitaongea na mchomeleaji nikishaona kama kukivuta kandokando kunanichosha. Asanteni nyote, na mzee wangu hasa.