Kisu cha bei mbaya, nchi kilikotengenezwa imefichwa chini ya klipu. Huu uhuni utaisha lini?

Wakuu, heshima kwenu. Mods nawaomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za "nishaurini kisu kizuri". Hapa nimekuja kulalamika, na povu ruksa.

Juzi usiku kisu changu kipya kilikuwa mezani. Cha kukunja, mpini titaniamu, bapa la chuma cha M390 kutoka Austria, kinafunguka kwa kidole kimoja na kikishafunguka hakichezi kushoto wala kulia. Boksi lake ukilitazama unaona dhambi kulitupa. Juu ya kifuniko kuna jina la kampuni, chini yake mji na jimbo la Marekani, pembeni kibendera. Kwenye bapa kuna nembo upande mmoja na jina la chuma upande wa pili, basi. Nikasema safi, hawa wanajua kazi, hawajaligeuza bapa kuwa ubao wa matangazo.

Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kila kisu kipya lazima niihamishe klipu, kile kibanio cha kukishikizia mfukoni. Nikatoa skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, klipu ikaachia. Palepale ilipokuwa imelala kuna maandishi ya leza, herufi kama mayai ya chawa. Nikadhani ni namba ya toleo. Nikaleta lenzi. MADE IN CHINA.

Nikarudi kwenye boksi nikakisoma upya kile kijiandiko kilicho chini ya bendera. Kumbe hawakuandika kwamba kisu kimetengenezwa Marekani. Wameandika kimebuniwa Marekani. Yaani mchoraji kapewa bendera, aliyekitengeneza kapewa uvungu wa klipu.

Sasa kabla hamjanishukia, sikilizeni vizuri, maana najua kuna watu watasoma hadi hapa tu halafu waanze kuandika kwamba nawadharau Wachina. Siwadharau. Nina visu vya WE na vya Reate, kampuni za Kichina, na nawaambia bila kumung'unya maneno kwamba kwa usafi wa kazi, yaani ukipitisha ukucha pale vipande viwili vinapokutana usisikie kitu, wapo Wazungu wenye majina makubwa ambao hawaoni ndani. Kisu nilichonunua ni kizuri! Ndiyo maana nazidi kukasirika. Chuma cha Austria, mchoro wa Marekani, mikono ya China, hakuna aibu yoyote hapo. Aibu ameileta yeye aliyeona jina la nchi ni kitu cha kufunikwa.

Niliwaandikia wauzaji. Jibu lilikuja la kistaarabu kabisa: alama ya nchi ipo kwenye bidhaa, na imewekwa pale ili kulinda mwonekano safi wa bapa ambao wateja wanaupenda.

Wakuu, kanuni za forodha za Marekani zinavitaja visu kwa jina. Bidhaa nyingine unaweza kuponea kwenye stika au lebo, kisu hapana. Kisu cha kutoka nje jina la nchi lazima lipigwe mhuri, au lichongwe, au lichorwe kwa tindikali au umeme, au liwekwe kwenye kibati cha chuma kilichofungwa kwa skrubu, ribiti au kulehemiwa. Na liwe mahali panapoonekana wazi. Sasa mahali panapohitaji bisibisi ya nyota na lenzi ndipo panapoonekana wazi? Kwa nani, fundi saa?

Na hiyo sehemu ya "wateja wanaupenda" ndiyo iliyonichoma zaidi, maana ina ukweli ndani yake. Ni sisi. Kwa miaka tumekuwa tukipiga kelele kwamba visu vina maandishi mengi. Jina la kampuni, jina la mbunifu, jina la chuma, namba ya toleo, nchi, nembo ya kufuli, bapa zima linasomeka kama gazeti. Mimi mwenyewe niliwahi kuanzisha uzi nikidai bapa liachwe wazi, wengine mnaukumbuka. Nilichomaanisha ni kwamba waondoe makorokoro. Wao wakaondoa kitu kimoja tu, kile kilichokuwa kinawauma kwenye mauzo, wakaacha nembo kubwa kama kifungo cha koti. Jina la chuma nalo wameliacha, tena kwa herufi nzuri, kwa sababu linauza.

Hapo kwenye jina la chuma kuna mtego mwingine, vijana mnaoanza kukusanya mkae nao macho. Ukiona bapa limeandikwa "German steel" au "Japanese steel", umeambiwa chuma kilikotoka. Hujaambiwa kisu kilikokatwa, kilikopashwa moto, kilikonolewa wala kilikofungwa. Chuma kinasafiri. Unaweza kununua VG-10 ya Japani ukaipeleka kona yoyote ya dunia ukatengeneza kisu kibovu. Na kupasha moto na kupooza chuma ndiko kunakofanya bapa liwe bapa. Chuma hichohicho kikiharibiwa kwenye tanuru hakishiki makali. Kwa hiyo nikiuliza kisu kimetengenezwa wapi, usinitajie kiwanda cha chuma.

Kuna wanaosema "mkuu, kisu ni kukata, nchi ya nini?" Haya. Kama nchi haina maana, ile bendera kwenye boksi ilikuwa inatafuta nini? Kwa nini waliilipia wino? Hakuna mtu anayeijua thamani ya jina la nchi kama huyo anayelificha.

Tena hii michezo si ya leo. Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, wana chama chao cha watengeneza visu tangu 1624, Company of Cutlers in Hallamshire, na moja ya kazi zake ilikuwa kusajili alama za mafundi ili mtu asiibe ya mwenzake. Karne ya 19 visu vya Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, vikawa vinaingia sokoni vimepigwa jina la Sheffield kavukavu. Uingereza ikatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, ndipo "Made in Germany" ikaanza kuonekana kila mahali. Nia ilikuwa kumuumbua Mjerumani. Mjerumani akakaza kamba mpaka ile alama ya kuumbuliwa ikawa sifa. Na kichekesho ni kwamba Solingen haohao, ambako jina la watu lilikuwa likiibwa, nao walifika mahali jina lao likawa linaibwa, mpaka ikatungwa sheria ya kulilinda mwaka 1938. Hadi leo huruhusiwi kuandika Solingen kama hatua kuu za kazi hazikufanyika huko. Mchina angeweza kufanya walichofanya Wajerumani, na wapo wanaofanya: wanaandika China wazi, na kazi inajitetea yenyewe. Wanaomharibia ni hawa wauza bendera.

Wenye kupenda visu vya zamani ndio watanielewa haraka. Sisi alama ya nchi tunaisoma kama mganga anavyosoma ulimi. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, na kuanzia Machi 1891 bidhaa za nje zikatakiwa kuwa na jina la nchi. Kwa hiyo ukikuta kisu cha kigeni cha soko la Marekani hakina nchi, unaanza kunusa miaka ya kabla ya hapo. Si ushahidi kamili, ila ni pa kuanzia.

Nina Case moja, kampuni ya Marekani, kisu kidogo cha mabapa mawili, mpini wa mfupa uliochongwa, umeshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Kikifunguliwa, pale kitako cha bapa kinapoingia kwenye mpini, kuna mhuri: CASE XX, MADE IN U.S.A., na chini yake vinukta. Viko saba. Case walianza na nukta kumi mwaka 1970 na kila mwaka wakawa wanapunguza moja, kwa hiyo hiki changu ni cha 1973. Bila nukta na bila neno Made ingekuwa habari nyingine, maana kati ya 1965 na 1969 waliandika U.S.A. tu, na kabla ya hapo CASE XX peke yake. Kisu kimenolewa mpaka bapa limekonda, mwenye nacho wa kwanza sijui hata alikuwa nani, lakini mhuri bado unasomeka kwa jicho tupu. Ule ulipigwa, chuma kikaingia ndani. Leza ya juujuu, iliyokaa chini ya klipu inayosugua kila unapotoa kisu mfukoni, mtakuja kuniambia baada ya miaka hamsini itakuwa inasemaje.

Na bila alama hizo tungevijuaje visu vya zamani na vya sasa? Kiwanda cha Schrade cha Marekani kilifungwa mwaka 2004, jina likanunuliwa, visu vikaanza kutoka China vikiwa na jina lilelile na sura zinazofanana na za zamani. Ni biashara halali, sina neno. Lakini anayenunua Old Timer, moja ya majina ya visu vyao, kwa mtu leo, kitu cha kwanza anachotazama ni kitako cha bapa. Ukiihamishia alama chini ya klipu umemuua huyo mnunuzi. Laguiole, visu vyenye jina la kijiji cha Ufaransa, ndiyo usiseme: jina limetumiwa na kila mtu miaka nenda rudi, na watu bado wanaamini kwamba wakimwona nyuki kwenye springi basi kisu ni cha Ufaransa. Nyuki si pasipoti jamani, anachongwa popote.

Halafu kuna kundi lingine humu, simtaji mtu lakini mnajijua. Wanaosugua jina la nchi kwa msasa laini na kurudishia mng'ao, halafu wanauza kisu wakisema "bapa safi, halina maandishi". Wengine wanauza kwa picha ya boksi lenye bendera, na kisu kimepigwa picha upande mmoja. Nyie na hawa wa klipu ni baba mmoja mama mmoja.

Wanaofanya vizuri wapo, na hawakufilisika. Spyderco wanaandika wazi kwenye bapa: Seki-City Japan, Taichung Taiwan, Maniago Italy, China. Vile vya kwao nyumbani wanaandika Golden, Colorado U.S.A. na mwisho wanaongeza Earth, yaani Dunia, kwa ajili ya utani tu. Kampuni moja, nchi tano, na hakuna aliyekufa. Watu wanavisaka vya Taiwan kwa sababu ni vya Taiwan. Chris Reeve alitoka Afrika Kusini akahamia Idaho mwaka 1989, kisu chake akakiita Sebenza, kazi kwa Kizulu, na bapa likaandikwa Idaho Made. Hajaficha alikotoka wala alikofikia. Mnaona ilivyo rahisi?

Ninachokitaka ni kidogo. Jina la nchi kwenye kitako cha bapa, lisomeke kisu kikiwa kimefunguliwa, bila zana yoyote. Likiwa dogo sawa, ila si la kutafutwa. Kama mnataka kuandika kilikobuniwa, andikeni, kwa herufi zilezile na mstari uleule wa kilikotengenezwa. Na wauzaji wa mtandaoni waweke picha ya pande zote mbili za bapa na nchi kwenye maelezo. Wakiacha pale pa "nchi" wazi, msinunue, waulizeni kwanza kwa maandishi.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyeuliza kwa nini wasiandike tu Made in USA kama kilifungwa huko, hawathubutu. Kule tume ya biashara inataka kisu kiwe chote au karibu chote cha Marekani ndipo kiandikwe hivyo bila maelezo, na tangu 2021 ukidanganya kuna faini ya kueleweka. Ndiyo maana wamekimbilia "kimebuniwa". Uswisi wao kwa bidhaa za viwandani wanadai angalau asilimia 60 ya gharama iwe ya kwao, tangu 2017, kwa hiyo ule msalaba si wa kubandika hovyo.

NYONGEZA 2: Nimeombwa picha ya chini ya klipu. Nimejaribu mara nne, simu inashindwa kushika hayo maandishi. Nadhani hiyo nayo ni picha.

NYONGEZA 3: Wauzaji wamejibu tena asubuhi hii. Wamekubali kunirudishia hela yangu yote, kwa sharti kwamba kisu kiwe hakijafunguliwa skrubu yoyote. Skrubu moja ya klipu ina mkwaruzo wa bisibisi, mdogo lakini upo. Mwenye lugha nzuri anisaidie kuandika jibu, mimi nikiandika sasa hivi nitatukana.