Bweni la ghorofa sita, chini ukumbi mpana: nguzo zitue wapi?

MchoraBimu
Wakuu, naomba mawazo. Bweni la wanafunzi: chini ukumbi wa chakula, juu ghorofa sita za vyumba vya upana wa m 2.7, kila kimoja na bafu lake. Slabu (sakafu ya zege) ni bapa ya mm 225, haina bimu (boriti za zege), nguzo ziko kila m 5.4. Msanifu anataka ukumbini nguzo ziwe kila m 10.8, yaani moja kati ya kila mbili iishie juu ya bimu ya ghorofa ya kwanza. Bimu hiyo iwe na kina gani? Tena fundi bomba anadai tundu la sm 30 kwa 30 ubavuni mwa kila nguzo. Nimkubalie?

RingiMiguuMinne
Anza na mzigo, mkuu. Slabu yenyewe ni kN (kilonyuton; 10 ni kama tani moja) 5.6 kwa mita ya mraba. Ongeza 1.2 za sakafu na dari, 2 za kuta na 2 za watu na samani. Ukitumia vizidishio vya usalama, 1.35 kwa mizigo ya kudumu na 1.5 kwa watu na samani, unapata karibu 15. Nguzo ikibeba eneo la m 5.4 kwa 6, ni kN 485 kwa slabu moja. Slabu sita, paa likiwemo, ni kN 2,900, na zote zinatua katikati ya bimu. Nguvu ya kuipinda bimu ni 2,900 × 10.8 ÷ 4, yaani kNm 7,830. Weka uzito wa bimu na slabu ya ghorofa ya kwanza, unakaribia 9,900.

Hapo unazungumzia bimu ya mm 800 kwa 1,800, zege la daraja la nguvu C30/37, nondo 20 za mm 32 kwa chini, safu mbili. Ukumbi wenye kimo cha m 3 chini ya bimu unahitaji karibu m 5 toka sakafu hadi sakafu. Ningekuwa wewe ningemrudishia msanifu mchoro: ukumbi autoe nje, banda la ghorofa moja ubavuni, nguzo za vyumba zishuke moja kwa moja hadi msingi.

TunduLaBomba
Tundu hilo ukatae. Slabu bapa huanza kufa pale pale penye nguzo: nguzo inaitoboa ghafla, haitoi onyo la kunepa. Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya majengo ya zege, inapima mzingo wa hatari kwa umbali wa 2d toka uso wa nguzo (d ni kina toka uso wa slabu hadi nondo za upande wa pili), na tundu lolote lililo ndani ya 6d linakupunguzia mzingo huo. Kwa slabu yako d ni kama mm 185, kwa hiyo 6d ni m 1.1.

Dawa iko kwenye mpangilio wa vyumba. Nguzo inaangukia ukuta mmoja, inaruka unaofuata. Mabafu yapeane migongo kwenye ule ukuta usio na nguzo, mawili yatumie njia moja ya mabomba. Tundu litakuwa m 2.7 toka nguzo, na idadi ya matundu itakuwa nusu ya idadi ya mabafu.

FomuNaMirunda
Bimu ikibaki, angalia chini yake. Zege bichi la m 1.8 ni kama tani 4.5 kwa mita ya mraba. Mirunda ikisimama juu ya kifusi kisichoshindiliwa inazama, bimu inaganda ikiwa imeshanepa. Usiitoe kwa kuhesabu siku. Subiri majibu ya vipimo vya zege.

Halafu kuta. Bimu inanepa kidogo kila slabu mpya inapoongezwa juu, kwa hiyo kuta za ghorofa ya kwanza na ya pili zilizojengwa mapema hupasuka kimshazari toka kona za milango. Maliza fremu yote kwanza, jenga kuta ukishuka toka juu, acha mwanya wa mm 20 chini ya slabu ujazwe kitu laini.

MchoraBimu
Nimewaelewa, mabafu nayageuza leo. Na sakafu ya bafu nikiishusha mm 50 maji yasitoke?

TunduLaBomba
Slabu ikibaki mm 175, ukakamavu wake hapo unashuka chini ya nusu. Afadhali kizingiti kidogo mlangoni. Kwa vyumba vya wenye viti vya magurudumu ishushe, ila uinenepeshe kwa chini mm 50 hizo hizo, na nondo za chini zichorwe zikifuata ngazi hiyo.