Nilimwaga sufuria ya omena mbele ya wanafunzi wangu. Nimekosea kiasi gani?

MwalimuWaJiko (Kisumu)

Wadau, naomba mawazo yenu, na msinionee huruma.

Nilipika kwenye jiko la hoteli miaka 11 kabla mgongo haujagoma. Siku hizi kila Jumamosi nafundisha upishi vijana 14 wa mtaa wa Nyalenda, kwenye jiko la kanisa. Wengi waliacha shule kwa kukosa karo, na wawili tayari ni mama. Ukivuka Ring Road tu uko Milimani, kwenye mahoteli wanayotamani kuajiriwa, lakini wao huyaona kwa nje.

Mimi ni mkali, sikatai. Saa mbili kamili asubuhi nafunga mlango. Ukija na kucha ndefu, unarudi nyumbani. Kitunguu kikiwa na vipande vikubwa na vidogo nakirudisha, kwa sababu vidogo vitaungua na vikubwa bado vibichi. Nawapa shilingi 300 waende soko la Kibuye, walete mboga ya kutosha watu 14 na hesabu kwenye karatasi. Shilingi ikipotea, tunakaa hapo mpaka ionekane. Na wamebadilika, jamani. Kuna kijana aliyekuwa haongei na mtu; sasa anabishana na mama wa nyanya mpaka anaongezewa mbili za bure.

Basi wiki tatu zilizopita nilimwachia omena, wale dagaa wa ziwani, binti ninayemtegemea kuliko wote. Nikaonja. Mchanga, kra, kwenye meno. Sikusema neno. Nikabeba sufuria nzima nikaimwaga kwenye ndoo ya taka, wote wakitazama. Hotelini ndivyo tulivyofanyiwa sisi.

Tulipokuwa tunafunga jiko ndipo nikauona mkebe wake juu ya meza, ule wa mafuta ya kupikia, umeoshwa ukang'aa, kifuniko pembeni. Chakula kikibaki huwa wanawabebea wadogo zao. Wake ulirudi mtupu.

Jumamosi mbili sasa hajaonekana, na nilikuwa namwandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), gredi ya tatu. Niende kwao? Na nikiomba msamaha, hilo darasa nitaliweza tena?

mama_manyatta

Madam, nasema kama mzazi. Chakula hakimwagwi mbele ya mtoto ambaye labda hajala tangu jana. Huko hotelini mlimwaga kwa sababu stoo ilikuwa imejaa. Hapa umewalaza njaa watoto ambao hata hawajawahi kukuona.

Jikoni_Kondele

Mimi nitamtetea kidogo. Nilifundishwa na mzee mmoja Nakuru. Akikuta alama ya kidole kwenye sahani moja, zote zinarudi kuoshwa, hata ziwe 80. Tulimchukia huyo mzee! Leo nina kibanda changu cha samaki, na kila nikishika sahani namsikia. Tena mpishi anatakiwa kuwa na cheti cha afya, na kila miezi 6 unapimwa upya. Bwana afya hatakuuliza kama siku hiyo ulikuwa na mawazo. Mchanga ni mchanga.

Ila sufuria ungeisukuma tu kando, Mwalimu. Kumwaga ilikuwa hasira.

bwana_utani

Kuku wa kanisa wanauliza darasa lijalo ni lini.

Omera_wa_Dunga

Swali kutoka ufuoni. Hiyo omena alinunua nani? Kuna inayoanikwa juu ya nyavu, na kuna inayomwagwa chini kwenye mchanga wazi. Hiyo ya chini gorogoro lake, kile kikopo cha kupimia, ni rahisi, lakini unanunua na ufuo wenyewe.

La pili, alipewa maji kiasi gani? Omena inataka maji ya vuguvugu, mara tatu au nne. Na maji huyamwagi! Unaiinua omena kwa mikono, unaihamishia beseni lingine, mchanga unabaki chini. Ukiinamisha beseni umwage maji, mchanga wote unarudi kulala juu ya omena. Alionyeshwa hivyo?

MwalimuWaJiko

Omera, nimesoma swali lako nikaweka simu chini.

Omena nilinunua mimi, ile ya bei nafuu. Siku hiyo mfereji ulikuwa mkavu, tulikuwa na mtungi mmoja wa lita 20 kwa darasa zima, na mimi ndiye niliyesema maji yapimwe. Hilo la kuinua kwa mikono, najaribu kukumbuka tangu asubuhi. Nadhani nilimwambia tu, "Osha vizuri."

mama_manyatta

Haya basi. Beba unga uende.

Jikoni_Kondele

Unga usibebe! Yule ni mpishi wako, usimgeuze ombaomba. Nenda mikono mitupu, ulitaje kosa lenyewe: maji, omena, kutomwonyesha. Halafu Jumamosi uyarudie maneno hayo hayo mbele ya wale wale waliotazama. Wewe ulimwagia jikoni, usiombe msamaha uani.

BintiKakamega

Nilikuwa na mwalimu wa aina hiyo chuo cha ufundi. Mrenda wangu aliukataa mara nne, ya nne nikalia. Akasimama na mimi tukapika tena, ndipo nikaona munyu, ile chumvi ya majivu, nilikuwa natia mwingi mpaka mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Hakunisifu hata siku moja yule mama. Lakini kila asubuhi, kabla hatujashika kisu, kulikuwa na uji. Wape uji kwanza, Madam, halafu gomba utakavyo.

MwalimuWaJiko (siku tisa baadaye)

Nilienda, mikono mitupu. Nilimkuta akisukuma chapati kwenye kibanda cha jirani yao. Nikasema yote mliyonituma. Alisikiliza bila kuacha kusukuma. Akaniambia siku ile ilimuuma, lakini kilichomzuia kuja ni hicho kibanda: Jumamosi asubuhi ndipo chapati zinakwenda. Anaweza kufika saa nne. Yaani masaa mawili mazima baada ya mlango wangu kufungwa.

Nimemkubalia saa nne. Wenzake wananung'unika na bado sijapata la kuwajibu. Hiyo nitaileta siku nyingine.

Jana tulipika omena tena, iliyoanikwa kwenye nyavu, maji mitungi 3, uji kwanza. Kabla ya kuanza niliwaambia darasa kosa lilikuwa la nani. Wakawa kimya, mmoja akakohoa. Kisha nikaosha mimi, wao wakitazama mikono yangu. Binti alipofika nikampa kijiko aonje. Akatafuna polepole akiangalia dari.

"Mchanga hakuna," akasema. "Lakini chumvi imezidi, Madam."

Ilikuwa imezidi. Ikabidi tusonge ugali mwingine.